Tablete shuleni bila rezo: mzazi aulize nini?

Katika vijiji vingi vya Walikale, Shabunda ao Fizi, ukitaja "masomo ya kidijitali" mzazi anakujibu palepale: rezo iko wapi? Ni swali la haki. Kuko watu wanaopanda mlima kila jioni ili sauti tu ipite kwa telefone. Lakini wengi hawajui kama tablete za shule zinaweza kufanya kazi bila rezo na bila mega hata moja.

Kuko kompyuta ndogo sana, inaenea ndani ya kiganja. Inayojulikana zaidi inaitwa Raspberry Pi. Ndani yake wanaweka programu kama Kolibri, ambayo ni ya bure, kisha wanaijaza vitabu, video na mazoezi. Kazi hiyo inafanyika mjini, mahali rezo iko na nguvu. Halafu kisanduku kinapanda pikipiki mpaka kijijini. Kikiwashwa, kinatoa wifi yake chenyewe, na tablete zilizo ndani ya darasa zinasoma yote yaliyomo. Hazitoki kwenda kwa intaneti, kwa hiyo hazikuli mega ya mtu.

Basi shida kubwa siyo rezo, ni umeme. Kisanduku chenyewe kinakula kidogo, kama wati 5, sawa na ampule ya LED. Tablete njo zinakula. Tablete moja inaomba karibu wati-saa 20 ili ijae. Tablete 20 zinaomba 400. Paneli ya wati 100, jua likiwaka vizuri saa nne, inatoa hiyo 400 kwa karatasi tu. Mwezi wa 11, mvua ikinyesha kila siku juu ya milima ya Kivu, haitafika. Mtu akiwaletea tablete 20 na paneli moja ya namna hiyo, msipige makofi haraka. Mumuulize: batri ikizeeka nani atanunua ingine? Maana itazeeka, na mara nyingi mwenye kuileta amekwisha kurudi kwao.

Swali la pili ni pesa. Masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure: kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hivyo, na toka 2019 serikali ilianza kuitekeleza. Kumuomba kila mzazi franka za tablete ni kurudisha minerval kwa jina lingine, na mtoto asirudishwe nyumbani juu ya hiyo. Watu wako na sababu ya kuogopa. Wakati wa RAM, toka 2020 mpaka 2022, tulikatwa inite kwa telefone zetu kwa jina la mambo ya kidijitali, mpaka ikafutwa kwa sababu ya malalamiko.

Tena kuko luga. Mtoto wa mwaka wa kwanza anapaswa kufundishwa kwa luga anayoielewa, na huku mashariki kwa wengi ni Kiswahili. Lakini masomo mengi yanayowekwa ndani ya visanduku hivi ni ya Kifaransa. African Storybook iko na hadithi za Kiswahili, za bure, zinaweza kuingizwa. Ni Kiswahili sanifu, si kile cha sokoni kwetu, na mtoto atajikwaa mwanzoni. Hapo mwalimu njo dawa. Kama yeye mwenyewe hajapewa siku za kujifunza kuitumia tablete, atafunga kabati na kurudi kwa ubao wake, na hatuwezi kumlaumu.

Tusisahau redio. Mwezi wa 3 mwaka 2020, wakati shule zilifungwa juu ya Korona, masomo yalipita hewani, kwa Radio Okapi na kwingine. Hakuna aliyeomba rezo, ni batri tu.

Kubaki swali ambalo huku kwetu haliachwi: vita. Paneli juu ya mabati inaonekana toka mbali, na tablete zinaibiwa. Kisanduku kinaingia ndani ya mfuko wa koti. Mwalimu akikimbia anaweza kukibeba. Masomo yote yako kwa kadi ndogo kama ya telefone. Komite ya wazazi iombe kopi ya pili ya kadi hiyo toka siku ya kwanza, na iwekwe mbali na shule, kwa mtu anayeaminiwa.