Karata Zinapochangwa na Mashine

Neno "matatu" lina mashaka yake mpakani. Litamke Busia ya Kenya, utaonyeshwa gari la abiria. Vuka hatua chache ulitamke Busia ya Uganda, na yumkini ukaulizwa kama una karata mfukoni. Kwa majirani zetu Matatu ni mchezo wa karata pia, nao wanaupenda kama sisi watu wa pwani tunavyolipenda bao.

Huchezwa hivi. Kila mchezaji hugawiwa karata 7. Ukitupa 2, mwenzio huokota mbili. Ukitupa ree, wataka aina ya karata uitakayo. Na chini ya fungu huwekwa karata moja wazi: mwenye 7 ya aina ile akiitupa, mchezo umekatwa papo hapo, na kila mtu huhesabu mzigo uliombakia mkononi. Mwenye mzigo mdogo ndiye mshindi.

Malaba ni mahali pazuri pa kuutazama mchezo huu, kwa sababu Malaba watu hungoja. Malori yatokayo bandarini Mombasa hupanga foleni kuelekea Uganda, na mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa Korona, foleni hizo zilifika makumi ya kilomita. Mtu atafanya nini ila kugeuza kreti la soda likawa meza? Nilipopita, dereva mmoja mtu mzima, Mmombasa mwenzangu, alitupa karata akasema "shupaza". Utingo wa Kiganda akamsahihisha, "spedi". Sikusema kitu, ila moyoni nilikuwa upande wa mzee. Shupaza, kopa, uru na pau tulirithi kwa Wareno, na karata yenyewe ikaja nayo.

Kando yao kijana mwingine alikuwa akicheza Matatu hiyo hiyo peke yake, kwa simu. Karata zilijichanga, zikajigawa, naye akashindwa. Akanung'unika kwamba simu inamwibia.

Hebu, msomaji, tumsikilize kijana huyu, maana shaka yake ndiyo mlango wa kuingilia jikoni mwa watengenezaji wa michezo hii. Huko Kampala, vijana wa Kola Studios waliichukua Matatu katika miaka ya 2010 wakaitia katika simu. Mtu wa nje hudhani kazi kubwa ya studio kama ile ni kuchora karata na kutia sauti. Rangi na sauti zina mafundi wake, na si haba. Lakini kazi inayokesha watu ni kuandika sheria, moja baada ya moja, kwa mashine isiyojua kukisia. Sisi watunzi twaijua adhabu hiyo kidogo: mizani ikipungua moja tu, shairi lachechemea. Huko ikipungua moja, mchezo wasimama kabisa.

Tazama kuchanga karata. Mashine haina bahati, ina hesabu tu. Hupewa namba ya kuanzia, aghalabu kutoka katika saa yake, kisha huzibadilisha karata nafasi moja baada ya nyingine. Namna za kuzipanga karata 52 ni idadi ya tarakimu 68, na fundi asipoangalia, mashine yake itarudia vijisehemu vichache tu vya idadi hiyo, na mchezaji hodari ataigundua.

Kisha kuna jambo lililonipendeza kuliko yote. Simu inaziona karata zote: zako, zake, na zilizo katika fungu. Hapana budi mwandishi wa programu aikataze kutazama za kwako inapochagua ya kutupa. Kijana wa Malaba hana njia ya kuhakikisha kwamba katazo hilo limeandikwa. Ni amana baina yake na mtu asiyemjua, aliyeketi mbele ya kompyuta Kampala.

Tena mashine ikicheza vizuri mno, mtu ataiacha. Ikicheza vibaya, ataiacha vilevile. Na wachezaji wakiwa wawili wa mbali, mmoja akizima simu anapoona ameshikwa, itakuwaje? Ameshindwa, au mtandao ndio uliokatika? Hapa mpakani, ambapo simu huweza kushika mtandao wa Uganda hali mwenyewe amesimama Kenya, swali hilo si la mzaha. Kwenye kreti wangelimaliza kwa makelele. Kwenye simu lazima mtu awe ameliamua kabla.

Wakenya nao wamo. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa kompyuta wa binti anayetafuta vitu vya kale vya Afrika; mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, ambamo viumbe wa anga za mbali wanauvamia mji mkuu wetu. Hata hivyo ingia katika kibanda cha gemu mjini Busia, utakuta watoto wanalipa shilingi zao kucheza kandanda ya Ulaya.

Wala isisemwe kwamba kazi hii ni ya wenye nacho. Lual Mayen wa Sudani Kusini alizaliwa wazazi wake wakiwa mbioni, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka 3 akapata dola 300 za kompyuta, na kijana akawa anatembea saa 3 kwenda kuitia umeme. Humo kambini akatengeneza Salaam, mchezo ambao mchezaji hukimbia vita.

Busia ina umeme, na ina hadithi. Boda boda, neno linalotumika leo Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa mpakani hapa, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka kizuizi hadi kizuizi. Niliwauliza waendeshaji wachache: kama ingekuwa gemu, abiria akishuka katikati ya njia, hulipa nusu au nzima? Wawili walisema nzima. Mmoja akasema inategemea mvua. Niliwaacha wangali wanabishana, na abiria anangoja.