Afrigo Band: Imewezaje kudumu jukwaani kwa miaka 50?

Mwaka 2025 bendi ya Afrigo ya mjini Kampala ilitimiza miaka 50 tangu kuundwa kwake. Hakuna bendi nyingine ya dansi nchini Uganda iliyodumu muda mrefu kiasi hicho. Kwa wasikilizaji wa Arua na Koboko, historia yake inagusa pia safari ya West Nile na ya lugha ya Kiswahili.

Ilianzaje?

Afrigo iliundwa mwaka 1975 na wanamuziki ambao wengi wao walitoka katika bendi ya Cranes. Miongoni mwao alikuwa Moses Matovu, mwimbaji na mpiga saksafoni, ambaye baadaye alikuja kuiongoza. Aliyekuwa madarakani ni Idi Amin, ambaye asili ya ukoo wake ni Koboko, na ambaye mwenyewe alipenda kupiga kodiani.

Miaka miwili kabla ya hapo, Amin alikuwa ametangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo, mashabiki wa Afrigo walikuwa wakazi wa Kampala, na nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiganda.

Usiku bila usalama

Serikali ya Amin ilipoangushwa Aprili 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan wakihofia kulipiziwa kisasi. Kampala nako, miaka iliyofuata ilikuwa ya milio ya risasi, vizuizi vya barabarani na amri za kutotoka nje. Kwa bendi ambayo riziki yake hupatikana usiku, hayo yalikuwa majaribu makubwa. Afrigo iliendelea kupiga.

Kwa nini haikuvunjika?

Sababu ya kwanza ni kutegemea jukwaa. Bendi ya Uingereza kama The Rolling Stones, iliyoanzishwa London mwaka 1962, hulipwa pia kila nyimbo zake zinapouzwa au kurushwa hewani. Nchini Uganda kanda zilinakiliwa ovyo, na sheria ya sasa ya hakimiliki ilipatikana mwaka 2006 tu. Mwanamuziki aliishi kwa kiingilio cha mlangoni, hivyo bendi isiyopiga kila wiki ilikufa.

Ya pili ni kupokezana. Baadhi ya wanamuziki waliondoka, wengine wakahamia ng'ambo, lakini nafasi zao zilijazwa. Joanita Kawalya na Rachel Magoola waliiletea bendi sauti za kike zilizopendwa sana. Magoola alichaguliwa kuwa mbunge mwanamke wa wilaya ya Bugweri mwaka 2021.

Somo kwa West Nile

Wimbo wa Magoola, Obangaina, uliimbwa kwa Kisoga, lugha ambayo si ya Kampala, lakini ulipendwa kote nchini. Hilo linaonyesha kwamba lugha ya wachache si kikwazo pale wimbo unapokuwa mzuri.

Kwa miaka mingi Waganda wengi walikihusisha Kiswahili na bunduki za askari. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Huko Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, hakijawahi kungoja ruhusa ya sheria: ni lugha ya sokoni na ya ujirani. Kinachosubiriwa ni bendi itakayokipandisha jukwaani na kukidumisha hapo.