Wauguzi wa Pwani na Malipo ya Pishi



Kila msimu twasikia mzozo ule ule. Mwenye shamba alipaye kwa pishi hupata karafuu nyingi jioni, lakini akitazama juu aona matawi yamevunjika. Alipaye kwa siku, matawi yake husalimika, ila wachumaji hawana haraka. Twaomba radhi kwa kuanzia shambani, maana habari tuliyo nayo ni ya zahanati za Bara, nayo ni mzozo uo huo.

Mwaka 2011 Serikali ilianza kuvilipa vituo vya afya vya Mkoa wa Pwani, Kibaha na Kisarawe vikiwamo, kwa kazi iliyohesabiwa. Fedha zilitoka Norway. Watu wa Kibaha si wageni na nchi ile, kwani ni mojawapo ya zile za kaskazini ya Ulaya zilizojenga kituo cha elimu pale miaka ya 1960.

Kila miezi sita kituo kilipewa shabaha zake: wanawake wangapi wajifungulie pale, wajawazito wangapi wapewe dawa ya kukinga malaria, na kadhalika. Kilichotimiza shabaha kililipwa kamili, kilichofika robo tatu kililipwa nusu, na kilichopungukiwa na hapo hakikupata kitu. Mfanyakazi aliyetimiza zote aliweza kuongezewa kiasi cha sehemu moja katika kumi ya mshahara wake. Sheria hii twaiona kali. Zahanati ya kijiji cha mbali, yenye muuguzi mmoja na kabati tupu, itafikaje robo tatu? Na kweli, watafiti waliona kwamba mwanzoni vituo vyenye vifaa ndivyo vilivyochukua fedha nyingi, ingawa baadaye tofauti ilipungua.

Watafiti hao, wa Ifakara pamoja na wenzao wa Ulaya, walilinganisha Pwani na wilaya za Morogoro na Lindi, wakatoa matokeo mwaka 2015. Katika shabaha nane, mbili zilisogea wazi: waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa zaidi ya 8 katika kila wanawake 100, na waliopewa dawa ya malaria kwa zaidi ya 10. Tena waliotozwa fedha wakati wa kujifungua walipungua. Si jambo dogo hilo kwa mwenye mke mjamzito.

Sasa tutazame matawi. Katika zahanati, wagonjwa wa maradhi yasiyohesabiwa walipungua: mahudhurio ya watoto wa chini ya miaka mitano kwa kama 57 kwa mwezi, na ya wakubwa zaidi kwa kama 90.

Wako wasemao muuguzi ana mshahara, kwa nini alipwe tena kwa wajibu wake? Wengine hujibu kwamba mshahara humlipa sawasawa ajitumaye na asinziaye. Sisi twaelekea kwa hao wa pili, ila mwenye kuhesabu pishi na azunguke shamba zima. Mpango ulioanza Kishapu, Shinyanga, mwaka 2015 ulijaribu hivyo, kwa kupima na ubora wa huduma.

Mwanachama aliyewahi kulipa kwa pishi na matawi yake yakasalimika, tafadhali atuandikie alivyofanya.