Ndugu akitumia jina lako, wewe ukakamatwa
Mshukiwa huwapa polisi jina na nambari ya kitambulisho cha nduguye, akaachiliwa kwa dhamana, asirudi kortini. Hati ya kukamatwa hutolewa kwa jina hilo, na anayetiwa pingu ni asiye na kosa.

Nchini Kenya, kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Hapo aombe alama zake za vidole zilinganishwe na za mshtakiwa wa kwanza. Jina huazimwa, vidole haviazimwi.

Kifungu cha 23 chamruhusu hakimu wa Mahakama Kuu, yaani jaji, kuamuru fidia. Madai ya kawaida ya madhara dhidi ya Serikali sharti yafunguliwe ndani ya miezi 12.

Lililo zito ni kumtaja ndugu mwenyewe kwa polisi.