Mtoto wa Kupakatwa Naye ni Abiria

Mkono mmoja, walisema wahenga, haulei mwana. Ajabu ni kwamba usafiri wa ndege, ambao twauhesabu kuwa kilele cha ustaarabu wa kisasa, umejengwa juu ya dhana iliyo kinyume kabisa cha methali hiyo. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto ambaye hajatimiza umri wa miaka miwili hupewa kiti kimoja na chakula cha mtu mmoja, kisha huachiwa amshikilie mtoto kwa mikono yake kutoka Nairobi hadi Ulaya. Mtoto mwenyewe hana kiti. Katika mizani ya mashirika ya ndege yeye si abiria kamili, bali ni nyongeza tu ya mwili wa mzazi wake.

Wazazi wa namna hii si wachache tena miongoni mwetu. Mke yuko masomoni Uingereza, mume yuko kazini Nakuru. Baba anatafuta riziki Doha, mama ampeleka mtoto wakaonane. Binti aliyejifungulia Marekani amleta mwanawe Kakamega akabarikiwe na nyanya yake. Likizo za wazazi hazipatani, au mmoja amepewa viza na mwenzake akanyimwa, au pesa za tiketi ya pili hazipo. Basi husafiri mmoja, naye mtoto.

Sisi wanaisimu tuna mazoea ya kuyachungua maneno ambayo wengine huyapita tu. Neno la Kiingereza linaloandikwa katika tiketi ya mtoto kama huyo ni infant, nalo asili yake ni Kilatini: infans, yaani asiyesema. Aliyelichagua hakukosea. Asiyesema hana wa kumsemea pale kanuni zinapotungwa. Aghalabu hutozwa kama sehemu moja ya kumi ya nauli ya mtu mzima katika safari za kimataifa, na fungu lake ni mapaja ya mzazi. Siku anapotimiza miaka miwili, hata ikiwa siku hiyo imemkuta ugenini, hudaiwa kiti chake mwenyewe wakati wa kurudi. Jana alikuwa wa kupakatwa, leo ni abiria, ilhali uzito wake haujaongezeka hata ratili moja.

Haya niliyaonja nilipompeleka mwanangu wa miezi 19 kwa mamake aliyekuwa akisoma London. Kwenye kaunta niliulizwa barua ya idhini ya mama, nikaitoa. Swali hilo halikuniudhi, kwa maana huwakinga watoto na walanguzi. Mashaka yalianza ndani ya ndege. Mtu aliyempakata mtoto hawezi kukishusha kijimeza cha chakula. Akitaka kwenda msalani, ama ataingia na mtoto katika chumba kisichomtosha hata yeye, ama atamwacha na nani? Nilimwomba mhudumu anishikie mtoto kwa dakika mbili, nikajibiwa kwa adabu kwamba kanuni haziruhusu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima wa Mombasa aliyeketi kando yangu.

“Hebu nipe huyo mume wangu nimpakate, nawe ule, mwanangu. Chakula chapoa.”

“Ahsante, mama, lakini atakuchosha.”

“Nimelea saba. Huyu wa nane atanichosha wapi?”

Nikala, nikaenda msalani, na niliporudi nikamkuta mwanangu akichezea ncha ya leso ya yule mama kana kwamba wamejuana tangu azaliwe. Ndege ilipoanza kushuka, mtoto aliangua kilio, na shingo kadha zikageuka kututazama kwa hasira. Hao walioudhika hawakujua, au walisahau, kwamba shinikizo la hewa ndani ya ndege iliyo angani hulingana na lile la mlima wa kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, na kwamba linapobadilika wakati wa kushuka masikio huuma. Mtu mzima humeza mate au hupiga miayo, maumivu yakapungua. Mtoto hajui hila hiyo, na ndiyo sababu hufaa kumnyonyesha au kumpa chupa wakati huo ili apate kumeza. Kilio ndiyo lugha pekee aliyo nayo asiyesema, na siku ile alikuwa akitoa habari ya kweli.

Hata hivyo, ukarimu wa jirani, ingawa ni johari, hauwezi kumlinda mtoto siku ya ajali. Mnamo tarehe 19 Julai 1989 ndege ya DC-10 iliyotoka Denver kwenda Chicago iliharibika injini ya mkiani, ikapoteza mitambo ya kuiongozea, na ikaanguka ilipojaribu kutua Sioux City, Marekani. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 184 walinusurika. Walikuwamo watoto wanne wa kupakatwa. Kiongozi wa wahudumu, Jan Brown, aliwaelekeza wazazi wawalaze watoto hao sakafuni, kwa kuwa ndivyo kanuni zilivyoagiza. Mmoja wao alikufa. Bibi huyo alitumia miaka mingi baadaye akidai kila mtoto apewe kiti na mkanda wake.

Dai lake lina hesabu nyuma yake. Kishindo kikizidi mvutano wa ardhi mara tisa, mtoto wa kilo 10 huivuta mikono ya mzazi kama gunia la mahindi la kilo 90. Hakuna upendo wa mzazi unaoweza kuzuia gunia hilo. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilipendekeza mwaka 1990 kwamba watoto wote wafungwe vitini. Wasimamizi wa usafiri wa anga wa nchi hiyo hiyo walikataa kulazimisha jambo hilo, na mwaka 2005 wakaushikilia msimamo wao. Walihoji kwamba familia zikilazimishwa kununua kiti cha ziada, nyingi zitasafiri kwa gari, na barabara huua watu wengi kuliko ndege.

Hoja hiyo ina uzito kwa Mmarekani anayeweza kuchagua kati ya ndege na gari lake. Kwetu haina mashiko. Hakuna matatu itokayo Nairobi hadi London. Mzazi wetu hana njia nyingine ya kufika huko, kwa hiyo kumnyima mtoto kiti hakumwepushi na hatari yoyote ya barabarani.

Kinachohitajika ni kiti cha mtoto kwa bei ambayo mzazi wa kawaida aweza kuimudu, tuseme nusu ya nauli katika safari ndefu, pamoja na mkanda unaomfaa. Halmashauri inayosimamia usafiri wa anga nchini ina uwezo wa kulizusha suala hili katika vikao vya kimataifa. Mashirika nayo yaruhusu mhudumu amshikie mtoto kwa dakika mbili mzazi aliye peke yake. Nasi abiria tulio na mikono mitupu tusisubiri kanuni.

Ndege inapopatwa na dharura, waongozaji walioko ardhini humwuliza rubani ana roho ngapi ndani. Huuliza roho kwa makusudi, kwa kuwa hesabu ya viti vilivyokaliwa ingewaacha nje watoto wa kupakatwa. Wenye mamlaka, basi, wanajua vyema kwamba mtoto huyu yumo ndani ya ndege. Nawamhesabu siku anayokatiwa tiketi, wasingoje siku ya kuhesabu waliookoka.