Baridi Huua Zaidi Katika Miji ya Jua

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 9 Januari 2021, theluji iliushukia mji wa Madrid bila kupumzika, na hadi inakatika ilikuwa imeanguka kwa takriban saa 30. Mitaa kadhaa ilifunikwa kwa kina cha karibu nusu mita. AEMET, idara ya hali ya hewa ya Hispania, ambayo ndiyo iliyoipa dhoruba hiyo jina la Filomena, ilisema mji haukuwa umeona theluji ya kiasi hicho angalau tangu mwaka 1971. Uwanja wa ndege wa Barajas ulifungwa, treni zikasimama, mabasi yakabaki gereji, na Mercamadrid, soko kuu la jumla linaloulisha mji, likafunga milango. Katika barabara za mzunguko madereva wengi walikesha ndani ya magari yao hadi askari wa UME, kikosi cha jeshi cha kushughulikia majanga, walipofika kuwatoa. Metro pekee, kwa kuwa inapita chini ya ardhi, iliendelea kutembea. Madrid ni mji wa watu zaidi ya milioni tatu, na laki kadhaa kati yao wametoka nchi nyingine: Ekwado, Peru, Kolombia, Venezuela, Moroko, Romania, Uchina. Janga la namna hii linapotokea, maelezo ya haraka huwa kwamba mgeni aliyetoka nchi ya joto ndiye atakayeumia zaidi, kwa kuwa hajaizoea baridi. Maelezo hayo yana punje ya ukweli, lakini yanatuelekeza pasipo. Ukiufuata ushahidi wa fizikia na wa takwimu za vifo, utakuta kwamba kuizoea baridi ni sifa ya mji, ya nyumba zake, barabara zake na nyaya zake, kabla ya kuwa sifa ya mwili wa mtu.

Tuanze na theluji yenyewe. Siku za mwanzo za Januari ile, hewa baridi na kavu ilikuwa imeshatanda juu ya Rasi ya Iberia. Kisha eneo la mgandamizo mdogo wa hewa likapanda kutoka upande wa Visiwa vya Kanari na Ghuba ya Cádiz, likibeba unyevu na uvuguvugu wa Atlantiki. Hewa ya uvuguvugu ni nyepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo ilipoikuta ile ya baridi imejilaza chini haikuweza kuiondoa. Iliparamia juu yake, ikapoa, na unyevu wake ukaganda. Mawingu ambayo wiki nyingine yangeleta mvua ya kawaida yakamwaga theluji, na tabaka la baridi chini lilikuwa nene kiasi kwamba chembe hazikuyeyuka njiani. Watabiri hawakukosea: tahadhari nyekundu ilitangazwa kabla ya Madrid kufunikwa. Lakini theluji iliposimama ndipo hatari ya pili ilipoanza, nayo huwa haipigwi picha sana. Anga lilitakata. Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua unaoipiga mchana. Usiku huachia joto lake lipotee kwa mionzi. Na kwa kuwa imejaa hewa katikati ya chembe zake, huzuia joto la ardhini lisipande juu. Uso wake hupoa kupita hata ardhi tupu ambavyo ingepoa. Alfajiri ya tarehe 12, kipimajoto cha Barajas kilishuka chini ya nyuzi -10 za Selsiasi, na kaskazini-mashariki mwa Madrid, huko Molina de Aragón, kilifika -25. Kitu laini ambacho watoto walikichezea Jumamosi kilikuwa barafu ngumu Jumanne, na hospitali, ambazo tayari zilikuwa zimeelemewa na UVIKO-19, zikaanza kupokea waliovunjika vifundo vya mikono na nyonga.

Barafu hiyo ina hesabu yake, nayo haimwulizi mtu alikozaliwa. Lami kavu huishika tairi ya kawaida mara saba hivi kuliko barafu inavyoishika. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, breki zikikanyagwa, husimama ndani ya mita 14 kwenye lami kavu. Kwenye barafu huhitaji karibu mita 100. Mfini anayefanya kazi Madrid anaweza kuwa ameendesha gari katika theluji tangu ujana wake, lakini ujuzi wake mwingi aliuacha Finland: uko katika matairi ya majira ya baridi ambayo sheria ya kwao inayalazimisha, yenye mpira usiokakamaa kwenye baridi kali, na katika magari ya kusukuma theluji yanayopita kabla watu hawajaamka. Ukimweka kwenye barabara ya mzunguko ya M-30 akiwa na matairi ya kiangazi, anakwama sawa na Mperu aliye nyuma yake. Chumvi nayo ina mipaka. Hushusha kiwango cha maji kuganda, lakini baridi ikishuka karibu na nyuzi -10 hufanya kazi kwa uvivu, na ikimwagwa juu ya theluji ya nusu mita ambayo haijasukumwa ni sawa na kupotea. Hata miti ilitoa ushahidi. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya huwa na uzito wa kilo 100 hivi, na iliyolowa huzidi maradufu; hivyo tawi pana lililobeba nusu mita lilikuwa limetwishwa kilo 50 au 100 kwa kila mita ya mraba. Miti ya Ulaya ya kaskazini ama hupukutisha majani kabla ya baridi ama ina umbo jembamba na matawi yanayoinamia chini, theluji ikateleza. Mialoni ya Mediterania isiyopukutisha majani, pamoja na misonobari yenye vichwa vipana, huikusanya yote. Ilipasuka kwa maelfu katika bustani ya Retiro na msitu wa Casa de Campo, na hiyo ni miti ya papo hapo, wenyeji wa tangu na tangu.

Kwa binadamu ushahidi ni mzito zaidi, nao ulikuwapo miaka mingi kabla ya Filomena. Mwaka 1997 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa kundi lililojiita Eurowinter, uliolinganisha vifo na baridi katika maeneo kadhaa ya Ulaya, kuanzia Finland hadi Athens. Kila joto liliposhuka kwa nyuzi moja chini ya 18, vifo viliongezeka kwa asilimia 2.15 Athens, lakini kwa asilimia 0.27 tu kusini mwa Finland. Nyuzi moja ile ile, na ongezeko la vifo katika mji wa jua likawa takriban mara nane. Watafiti hawakuishia kwenye vifo. Waliuliza pia watu wanaishije siku ambayo nje kuna nyuzi 7. Sebule za Athens zilikuwa na wastani wa nyuzi 19.2, za kusini mwa Finland 21.7. Waliovaa kofia walipotoka nje walikuwa asilimia 13 Athens na 72 Finland. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu nchi za Ulaya Magharibi ulikuta kwamba ongezeko la vifo vya majira ya baridi lilikuwa kubwa kuliko kote Ureno, asilimia 28, wakati Finland ilikuwa na asilimia 10. Waliokuwa wakifa Athens na Lisbon si wahamiaji waliotua juzi. Ni bibi na babu waliozaliwa pale, ndani ya nyumba zilizojengwa kufukuza joto la Agosti, zenye kuta na madirisha yasiyojua kutunza joto la Januari.

Atatokea msomaji aseme mwili nao una sehemu yake, na ni haki aseme hivyo. Tafiti za kijeshi, zikiwamo za jeshi la Uingereza, zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi ya vidole vya mikono na miguu kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenzao Wazungu wanaofanya mazoezi yale yale. Mishipa ya damu ya vidole hujibana upesi na kuchelewa kufunguka tena. Hilo halifichiki, na Mkongo au Mtanzania anayefanya kazi ya nje wakati wa barafu anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba glavu na soksi kavu kwake si anasa. Lakini tusichanganye kidole na moyo. Jeraha la kidole humpata mtu aliye nje kwa muda mrefu, na kinga yake inajulikana na haigharimu sana. Vifo vingi vya baridi hutokea kwa njia nyingine: damu huwa nzito, shinikizo lake hupanda, moyo hupata shambulio na ubongo kiharusi, kifua hushambuliwa, na mara nyingi mhusika ni mzee aliyekaa ndani ya chumba chenye ubaridi. Kuhusu hilo, asili ya mtu haielezi mengi kama inavyoeleza hali ya chumba.

Mgeni hata hivyo huumia kwa namna yake, ila njia inapitia mahali pengine: umeme unapokatika na maelekezo yakawa kwa lugha asiyoijua. Mfano mbaya zaidi ninaoujua si wa theluji bali wa tufani ya upepo, iliyokata umeme eneo la Seattle nchini Marekani wakati wa baridi ya Januari 1993. Madaktari waliochunguza wagonjwa wa sumu ya kaboni monoksaidi waliofurika hospitalini waliwakuta wengi wametumia mkaa ndani ya nyumba, na wengi wa hao walikuwa wahamiaji wasiozungumza Kiingereza. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa jiko la mkaa ni nini, na wengi wamekua wakionywa wasilale nalo chumbani. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na huishika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kiasi kwamba mtu hulala usingizi bila kujua anakosa hewa. Sasa fikiria tofauti ya nyumba. Jiko linalowashwa uani au chini ya paa lenye mianya kila upande huwa moshi wake unapata pa kutokea; katika fleti iliyozibwa kila ufa ili joto lisipotee, mazoea yale yale hugeuka kuwa mauti. Baadaye serikali ya Marekani iliagiza mifuko ya mkaa iwekewe onyo lenye michoro. Hata hivyo Desemba 2006 tufani nyingine ililipiga eneo hilo hilo, na watu zaidi ya 200 wakatibiwa kwa sumu hiyo hiyo, wahamiaji wakiwa wengi miongoni mwao. Kwa maoni yangu hapo ndipo panapoonekana kosa: wahusika walijua kuwasha moto vizuri kabisa, na hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao nyumba waliyopanga imejengwaje.

Texas ikayarudia yote Februari 2021, mwezi mmoja tu baada ya Madrid. Houston ilishuka hadi karibu nyuzi -10, mitambo ya gesi na ya umeme ikaganda, na nyumba zaidi ya milioni nne katika jimbo zikakaa gizani. Jimbo lilihesabu vifo 246, vingi vikitokana na mwili kupoteza joto, na hospitali zikapokea mamia ya waliovuta kaboni monoksaidi. Texas ni miongoni mwa majimbo yaliyopokea wakimbizi wengi wa Kongo, na katika fleti za Houston na Dallas kulikuwa na watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani walioipitia wiki ile. Mitambo ilikuwa imeshaganda vilevile Februari 2011, na wakaguzi wa shirikisho walishauri iwekewe kinga ya baridi. Sheria ya kulazimisha hilo ilipitishwa mwaka 2021, watu wakiwa wameshazikwa.

Pingamizi kubwa lililobaki ni la pesa, na ni la busara. Montreal hutumia zaidi ya dola milioni 150 za Kanada kila mwaka kuondoa theluji, kwa sababu huipata kila mwaka. Madrid ikinunua magari na maghala ya kiasi hicho kwa theluji inayokuja baada ya nusu karne, meya atakuwa amefuja fedha za umma. Nakubali, ingawa halmashauri yenyewe ilikadiria hasara ya Filomena kuwa karibu euro bilioni 1.4. Ila pingamizi hilo linahusu mashine tu. Kuziba nyufa za madirisha kunalipa kila Januari, na kila Agosti pia. Mikataba na wakulima wenye matrekta, kujua mapema ni barabara ipi ya hospitali itakayosafishwa kwanza, na maonyo yaliyokwisha kutafsiriwa na kuwekwa tayari kwa Kiarabu, Kiromania na Kichina, ni gharama ya makaratasi. Wananchi wenye magari ya kupanda milima waliojitolea kuwabeba wauguzi Januari ile walifanya kazi kubwa bila mpango wowote. Kuwa na orodha yao hakuhitaji ghala.

Tena kuna Cañada Real, ambako hoja ya kwamba theluji ni ya nadra haisimami kabisa. Huu ni mtaa mrefu wa nyumba zisizo rasmi pembeni mwa Madrid, wenye Wamoroko wengi na watu wengi wa jamii ya Waroma. Sehemu zake mbili zilikatikiwa umeme Oktoba 2020, miezi mitatu kabla ya Filomena, na watu zaidi ya 4,000, wakiwamo watoto wapatao 1,800, waliipokea theluji wakiwa na kuni, mitungi ya gesi na jenereta. Kampuni ya umeme ilieleza kwamba matumizi yamezidi uwezo wa nyaya, na wapo waliolaumu kilimo cha bangi ndani ya nyumba. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameitaka Hispania irudishe umeme hata kabla ya dhoruba. Iwe sababu ni hiyo ya bangi au nyingine, mtoto anayelala kwenye nyuzi 3 hakupanda chochote. Mwezi Oktoba 2022, majira ya baridi mawili yakiwa yamepita, Kamati ya Ulaya ya Haki za Jamii iliiagiza serikali ichukue hatua za haraka ili wakazi hao wapate umeme na joto, na majira ya tatu yakaingia nyaya zikiwa bado hazina moto.