ILIMU YA KITU KISICHOJULIKANA

Wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wao wafikapo skuli za sekondari huiogopa aljebra. Katika jambo hili sisi waalimu wa madrasa nasi tuna kosa letu. Mwanafunzi wetu mmoja, aliyekwisha hifadhi majuzuu matano, alitujia na daftari lake akilia kwa sababu ya herufi x. Tukamjibu: "Hiyo si ilimu yetu." Maneno hayo tumeyajutia.

Jina la ilimu hiyo ni la Kiarabu, al-jabr, maana yake kuunga kilichopungua. Kiasi cha mwaka 820, huko Baghdad, zama za Khalifa Al-Maamun, Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi alitunga kitabu cha al-jabr na al-muqabala. Hakutumia herufi wala alama. Aliandika kwa maneno, na asichokijua alikiita shay', yaani kitu. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi.

Basi tulimwita tena yule kijana, tukaweka mizani. Upande mmoja tulitia kifuko chepesi chenye kokoto, na nje yake kokoto 3. Upande wa pili kokoto 10, zote za uzito mmoja. Mizani ikasimama sawa. Tukamwuliza: "Kifukoni mna ngapi?" Akaondoa 3 huku na 3 huku, akajibu: "Saba." Tukamwambia: "Hiyo ndiyo muqabala."

Kisha tukampa suala la mirathi. Amefariki mtu ambaye wazazi wake walikwisha tangulia. Ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya madeni na wasia zimesalia shilingi 800,000. Mke ana thumni, shilingi 100,000. Fungu la binti tuliite kitu. Kila mwana wa kiume ana vitu viwili. Jumla ni vitu 5, navyo ni sawa na shilingi 700,000. Kijana akagawa: binti 140,000, na kila ndugu yake 280,000. Akalitazama daftari lake, akasema: "Maalim, kumbe x ndiyo kitu!"

Ndugu wasomaji, mali ya yatima mara nyingi huliwa kwa sababu yatima hajui hesabu. Tuwafundisheni vijana wetu, wake kwa waume, kwa mizani ya jikoni na mafungu ya mirathi. Ajuaye fungu lake si rahisi kupunjwa, na ajuaye la mwenziwe hana udhuru wa kumdhulumu.